Tasnifu ya Kilo Tatu

Ka. Ka. Ka.

Kiza cha alfajiri, na sauti hiyo inatoka kitandani kwa mwanangu. Si panya, wala si bomba linalovuja. Ni pampu ya pumu iliyokwisha dawa, na Shani, mtoto wa miaka mitano, anaibonyeza gizani kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Nilimwinua, nikamkalisha wima, nikamsugua mgongo, nikahesabu naye pumzi moja moja mpaka dirisha likapauka. Halafu nikavaa viatu. Siku hiyo nilikuwa na barua ya daktari mkononi, na mwenye barua ya daktari katika Jamhuri ya Sitawi ana haki ya kwenda kuambiwa "hakuna" na Benki Kuu yenyewe, badala ya kuambiwa na mtu wa kawaida.

Nimweleze kidogo msomaji ambaye hakubahatika kuzaliwa Sitawi. Sarafu yetu ni njiwa. Njiwa tatu ni sawa na dola moja. Imekuwa hivyo tangu Mlezi wa Taifa alipojaliwa mtoto wa tatu wa kiume akatangaza, kwa furaha ya mzazi, kwamba dola isithubutu kuzidi idadi ya wanawe. Dola haikuthubutu. Kilichothubutu ni mkate, ambao ulitoka njiwa mbili ukafika elfu nne. Lakini mkate, tulielezwa redioni, una wivu tu. Nyuma ya tanuri la Bi Nangwe, muuza mikate wa mtaani kwetu, dola moja huuzwa njiwa elfu mbili na mia nne. Bei hiyo haipo. Kuitaja ni kifungo cha miezi sita.

Duka la dawa halipokei njiwa, kwa kuwa dawa zinatoka ng'ambo, na ng'ambo hawajaelimishwa kuhusu wana wa Mlezi. Pampu moja ni dola nane. Kwa bei ya serikali ni njiwa ishirini na nne. Kwa bei isiyokuwapo ni elfu kumi na tisa na mia mbili. Mshahara wangu wa mwezi, kwa kazi ya kujalidi vitabu na tasnifu katika kibanda cha chuo kikuu, ni mikate saba na nusu.

Sasa umeelewa. Twende benki.

*

Benki Kuu ina madirisha mawili. Dirisha la kwanza lina zulia jekundu na linawahudumia Wazalendo Wenye Mahitaji Maalumu, ambao ni watu arobaini. Dirisha la pili linawahudumia wananchi waliobaki, ambao ni milioni kumi na moja. Usawa umezingatiwa: kila kundi lina dirisha lake.

"Kaka, habari za asubuhi," nilimwambia karani wa dirisha la pili ilipofika saa saba mchana. "Ninaomba dola nane. Barua ya daktari hii hapa, na njiwa ishirini na nne hizi hapa."

Aliisoma barua kwa huruma. Ni kijana mzuri, aliyelelewa vizuri. "Dola hazipo, dada yangu."

"Zitakuja lini?"

"Zinakuja kila siku. Ila hazifiki."

Alipokuwa akisema hayo, kwenye dirisha la kwanza mtu alikuwa akihesabiwa dola elfu arobaini. Nilimjua kwa kisogo kabla hajageuka, maana kisogo hicho nimekitazama miaka mitatu ubaoni: Profesa Dokta Mtutura, Naibu Gavana wa Benki Kuu, na mhadhiri wetu wa jioni wa somo la Fedha za Kimataifa na Masoko ya Sarafu. Fomu yake ilisema fedha ni za semina ya kujifunza kupunguza matumizi ya dola, itakayofanyika ng'ambo, yeye na mkewe.

"Ah! Mama wa majalada!" akaniita kwa uchangamfu. "Umekuja kufanya mafunzo kwa vitendo?"

"Shikamoo, Profesa. Mtoto hana dawa ya kifua. Nimepungukiwa dola nane tu."

Akamtazama Shani, aliyekuwa ameniegemea pajani, mabega yakipanda na kushuka. Nilidhani amemwona. Kumbe alikuwa anatafuta maneno ya kufundishia.

"Nane leo," akasema, akiinua kidole ili hata wale walioko mlangoni wanufaike. "Nane leo, na kesho taifa zima litataka kupumua! Tutafika wapi? Kupumua kwa fedha za kigeni ni anasa, mama. Mtoto mzalendo hupumua kwa pua yake mwenyewe."

Watu wa dirisha la kwanza wakacheka. Walicheka vizuri, kwa mapafu yaliyojaa.

Mimi si mtu wa kinyongo. Jirani wananijua. Lakini nilipokuwa nikishuka ngazi za benki na mtoto mgongoni, nikisikia kifua chake kinapiga filimbi sikioni mwangu, nilijikuta nimekariri sentensi ile yote, na nukta zake.

*

Jioni nilikwenda darasani, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha lipa ada. Shani nilimpitisha kwanza kwa jirani mwenye mgonjwa wa pumu, tukaazima pumzi tatu. Ndivyo tulivyoishi majuma yale: pumzi tatu hapa, mbili kule, na asante nyingi.

Darasa letu lina watu ishirini, na anayelijua somo kuliko wote ni Bi Nangwe. Alijiandikisha, anasema, ili ajue kosa lake linaitwaje kitaalamu.

Jioni hiyo tulirudishiwa mitihani. Swali lilikuwa moja: *Ni nini kinachoamua thamani ya sarafu?* Jibu sahihi lilikuwa "Upendo." Mimi niliandika kwamba inategemea wanaoitaka ni wangapi, na iliyopo ni kiasi gani, na watu wanaamini nini kuhusu kesho.

Profesa alisoma jibu langu kwa sauti, akikohoa kwa kicheko. "Wanaoitaka ni wangapi! Mama, unazungumzia sarafu ya taifa au vitumbua?" Akanipa sifuri. Akaizungushia sifuri hiyo duara, kwa hiyo zikawa mbili.

"Profesa," akasema Bi Nangwe kutoka nyuma, mikono bado ina unga, "samahani baba, mie nauliza tu. Kama dola ni njiwa tatu, mbona wale wa dirisha la kwanza wanaiuza elfu mbili na mia nne?"

"Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Wananiuzia mimi. Wanazichukua kwa tatu pale benki, wanafika kwangu kabla mkate haujapoa. Kisha ninayefungwa ni mimi."

"Hiyo bei haipo."

"Haipo, baba, lakini inalipa karo za watoto wao."

Profesa akafungua dirisha apate hewa. Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu katika Sitawi mtu akiulizwa na mwenye hoja hujibu kwa mnyonge. "Wewe umefeli. Ukifeli somo hili unafukuzwa chuo, miaka mitatu inakwenda na maji. Lakini mimi ni mzazi. Niletee tasnifu inayothibitisha kwamba njiwa tatu ndiyo thamani halisi ya dola. Wiki tatu. Isipungue kilo tatu."

Msomaji wa nje asishangae. Chuo chetu hakisomi tasnifu, kinazipima. Kuna mizani ofisini kwa mkuu wa kitivo, ile ya kupimia mchele. Kilo moja na nusu ni kufaulu, kilo mbili ni kufaulu vizuri. Kilo tatu hakuwahi kuagizwa mwanafunzi yeyote wa darasa letu. Darasa zima likaguna.

Mimi sikuguna. Mimi ndiye ninayejalidi, na nilijua tasnifu za kilo tatu huenda wapi.

*

Kila mwaka, Siku ya Sarafu, Mlezi wa Taifa hukabidhiwa kitabu kimoja kizito chenye jalada la kijani. Hakisomi; mtu mwenye hekima iliyokamilika hasomi, hukumbushwa tu. Hukisimamisha kitabu mezani kwa mgongo wake, hukiachia, na ukurasa utakaofunguka huusoma kwa sauti, nao huwa sheria kabla ya magharibi. Mwaka juzi kilifunguka kwenye ukurasa wa shukrani. Ndiyo maana hadi leo kila raia wa Sitawi anawajibika kisheria kumshukuru mama mkwe wa mwandishi kwa uvumilivu wake.

Mwandishi huyo alikuwa Profesa Mtutura. Mwaka jana pia alikuwa Profesa Mtutura. Vitabu vyote viwili nilivijalidi mimi: nilivua jalada jekundu lenye jina la mwanafunzi, nikavalisha la kijani lenye jina lake. Mwanafunzi wa kwanza sasa anauza vocha. Wa pili alihoji, akapelekwa kufundisha uchumi kwenye kisiwa kisichokuwa na watu.

Basi nikakaa kitako nikaandika. Shani alilala kwenye mkeka kando yangu, na kila nilipochoka nilisikiliza kifua chake. Mkono ukapata nguvu tena. Sikuandika uongo hata mmoja, na sikuandika la kwangu hata moja. Niliandika ya Profesa. Nilikuwa na madaftari ya miaka mitatu, kila neno alilowahi kutamka. *Njiwa tatu ni dola moja, si zaidi (Mtutura, mhadhara wa Jumatatu). Asemaye vinginevyo ni msaliti (Mtutura, mhadhara wa Jumatano). Mzalendo hapati hasara kwa bei ya halali (Mtutura, karamu ya kitivo, baada ya mchuzi).* Kurasa mia mbili na kumi za heshima tupu.

Na katika ukurasa wa mia mbili na kumi na moja nikaandika hitimisho, kama mwanafunzi anavyotakiwa.

Nilipoipeleka ofisini ilipimwa ikawa kilo mbili na gramu mia tisa.

"Haitoshi," akasema Profesa. "Hoja zako nyepesi."

Nikarudi kibandani nikaongeza ubao wenye picha yake, akiwa na joho. Sura yake ilikuwa na uzito wa gramu mia moja na kumi.

"Sasa hii," akasema, akiipakata mikono miwili, "ni kazi ya kisomi. Sijaisoma, lakini nakubaliana nayo."

Kesho yake asubuhi alikuja nayo kibandani kwangu, mwenyewe, kwa miguu. "Mama wa majalada, vua hili jekundu. Weka la kijani. Ukurasa wa jina, andika langu."

"Na langu, Profesa?"

"Wewe bado kijana. Jina lako linakua, tusiliamshe."

"Sawa, Profesa. Na alama zangu?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Alama za nini? Tasnifu yako iko wapi?"

Nilitabasamu. Nadhani aliliona kuwa tabasamu la mtu aliyekata tamaa, kwa sababu akanipiga bega, akasema nijipe moyo, Mungu yupo, na jalada liwe tayari saa kumi.

Lilikuwa tayari saa tisa. Sasa nimfundishe msomaji jambo moja la kazi yetu, ambalo maprofesa hawalijui kwa sababu hawavifungui vitabu. Kitabu kizito hakifunguki ovyo. Kina mgongo, na mgongo una kumbukumbu. Ukiushona kwa kukaza kila mahali isipokuwa sehemu moja, kisha ukakifungua hapo mara hamsini, ukikandamiza kwa goti, basi kitabu hicho hata kikiangushwa kutoka mbinguni kitatua kimefunguka hapo hapo.

Nilikifungua mara mia. Nilikandamiza kwa goti hadi goti likachubuka. Kila mara nilisema kimoyomoyo: kwa pua yake mwenyewe.

*

Siku ya Sarafu tulikuwa uwanjani tangu alfajiri, kwa hiari ya lazima. Paliimbwa. Palirushwa njiwa halisi arobaini, na mmoja akachafua kofia ya Waziri wa Usafi. Wazalendo wote wa dirisha la kwanza walikuwa jukwaani wamevaa kijani.

Mshereheshaji alimtaja Profesa Mtutura kuwa mwanga wa sarafu, simba wa masoko, mwanaume ambaye dola ikimwona huvuka barabara. Profesa akainama mbele ya Mlezi, akakabidhi kitabu. Mlezi akakisimamisha mezani kwa mgongo. Akakiachia.

Kikafunguka kama mlango wa mwenyeji anayekujua.

Mlezi akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake inayotoka tumboni:

"*Kwa kuwa njiwa tatu ni dola moja, mzalendo aliyehifadhi dola hapotezi kitu akizirudisha zote Benki Kuu na kulipwa njiwa tatu kwa kila moja. Anayekataa anakiri kwamba ipo bei nyingine, na huyo ni msaliti. Mimi, mwandishi wa kurasa hizi, naapa mbele ya taifa kwamba nitakuwa wa kwanza, leo hii, kabla ya jua kutua, nikiwaonyesha askari mahali zilipo. Wenzangu thelathini na tisa watanifuata. Nazo zitolewe kwa bei hiyo hiyo katika dirisha moja la watu wote, wakitangulia wenye barua ya daktari.*"

Akavua miwani. Macho yake yalikuwa na machozi. "Naibu Gavana," akasema, "sikujua kama unaipenda nchi kiasi hiki."

Profesa alifungua mdomo. Kamera ya televisheni ilikuwa mbele ya meno yake. Akaufunga. Kisha, kwa kuwa uwanja mzima ulikuwa umesimama ukimpigia makofi, naye akapiga makofi. Alijipigia mwenyewe kwa muda mrefu sana, taratibu, kama mtu anayeua mbu wasioonekana.

"Nilikuwa... Mheshimiwa, pengine tuunde kamati..."

"Anaona haya!" akanguruma Mlezi, akimkumbatia. "Wazalendo wa kweli ndivyo walivyo. Jemadari, msindikize kwa ving'ora!"

Bi Nangwe alikuwa pembeni yangu. Alisoma uso wangu, akasoma goti langu lililofungwa kitambaa, akavuta pumzi ndefu.

"Shoga," akasema polepole, "nikumbushe nisije nikakukosea hata siku moja."

*

Kwa Profesa walikuta dola laki mbili na kumi na mbili elfu, ndani ya magunia ya mchele, chini ya mchele. Alilipwa papo hapo, kwa bei aliyoifundisha: njiwa laki sita na thelathini na sita elfu. Ni fedha halali kabisa. Zinanunua mikate mia moja na hamsini na tisa.

Inasemekana alizitazama noti zile akamwuliza askari kama hakuna kosa. Askari, ambaye alikuwa amehudhuria uwanjani, akampigia saluti na kumwambia, "Hakuna, mzee. Ni kwa upendo."

Wenzake thelathini na tisa walimfuata, mmoja akiwa amebebwa. Wote sasa hawasemezani naye. Mkewe hakwenda kwenye semina. Zulia la dirisha la kwanza lilikunjwa, na yule karani mwema akapewa dirisha lote peke yake. Nilipofika na barua yangu alihesabu dola nane mbele yangu, mara mbili, kisha akageuka kando akajifuta macho kwa karatasi ya risiti.

Siwadanganyi wasomaji wangu. Nimesoma somo hili miaka mitatu na ninajua kitu kinachouzwa tatu wakati watu wanakithamini elfu mbili na mia nne hakikai dukani. Nimepiga hesabu: dola zile zitatosha miezi mitano, labda sita. Baada ya hapo itabidi mtu aseme bei ya kweli kwa sauti. Mimi nimejiandikisha chuo upya, mwaka wa tatu kwa mara ya pili, ili nitakapoisema niwe na cheti. Mhadhiri mpya hajapatikana. Jioni tunafundishana wenyewe, Bi Nangwe akiwa ubaoni, na chaki inamkaa vizuri kwa kuwa haionekani kwenye unga.

Jana tulirudi benki kuchukua dola nane za pampu ya akiba. Foleni ilizunguka jengo. Tulipanga tangu saa moja, na Shani, ambaye kwa wiki mbili sasa haniegemei tena, alikuwa akikimbia kutoka mwanzo wa foleni hadi mwisho na kurudi, akisalimia wazee, akihesabu viatu, akitokwa jasho. Mimi nilikuwa namtazama tu. Hakuna wimbo wa taifa unaoweza kunifanyia vile.

Karibu na saa tano akaja mtu, akapita kando ya foleni moja kwa moja, kwa mazoea. Suruali ilikuwa imemlegea. Mkononi alikuwa na barua ya daktari, ya shinikizo la damu.

"Ah, mama wa majalada," akasema Profesa Mtutura, kwa sauti ya chini, akijipenyeza mbele yangu. "Mwanafunzi wangu. Tafadhali nisogee hapa kwako kidogo. Vidonge ni dola sita tu. Kichwa kinaniuma, mama."

Watu wakanigeukia. Wote wananijua sasa, ingawa hakuna anayesema. Yule karani akasimamisha kuhesabu. Nilikuwa na mengi. Nilikuwa nimeyatunza tangu siku zile, yameiva, yameoshwa, yamepangwa. Nikafungua mdomo.

Shani akanitangulia. Alikuwa ndiyo kwanza amefika mbio kutoka nyuma kabisa ya jengo, akamshika Profesa mkono kwa adabu, akanyoosha kidole alikotoka, na kwa pumzi moja tu, bila kukatika, akasema kwa sauti:

"Babu, mwisho wa foleni uko kule."